Hizi Si Zangu: Niliyojifunza Nikifundisha Kutengeneza Chokoleti Unguja

Mtoto anayekulia Kyela huijua kakao kwa ulimi kabla hajaijua kwa bei yake. Nilipokuwa mdogo, katika kijiji kilicho kilomita chache kutoka Ziwa Nyasa, siku za kuvuna zilikuwa siku za kukaa duara pembeni ya lundo la matunda ya manjano na mekundu. Watu wazima waliyapasua kwa rungu fupi, si kwa panga, kwa sababu panga hukata punje, na sisi watoto tulichomoa punje zilizoshikamana na kuzitia kwenye ndoo. Kila punje imevikwa utando mweupe wenye utamu unaokaribia wa stafeli, na hapakuwa na mtoto aliyeweza kuchomoa punje kumi bila kufyonza moja. Mama alituachia kwa muda, kisha alitukataza kwa maneno ambayo sikuyaelewa kwa zaidi ya miaka ishirini: "Mkimaliza utamu wake, kakao yangu itapata wapi moto?"

Leo ninaendesha darasa la kutengeneza chokoleti kwa mikono katika ua wa nyumba ninayopanga nje kidogo ya Mji Mkongwe. Wanaokuja ni wasafiri wanaopita Zanzibar kwa siku chache, familia zenye watoto wadogo na, hasa wakati wa likizo za shule, wenyeji wa hapa na watu wa Dar es Salaam. Darasa huchukua asubuhi nzima na sipokei zaidi ya watu wanane, kwa kuwa nina vinu vinne tu, na kinu kimoja kinawatosha watu wawili wanaopokezana.

Kazi hii sikuianzia shambani. Nilikuja Unguja kufanya kazi katika jiko la hoteli, upande wa keki na vitamutamu, na huko ndiko nilikoishika chokoleti kwa mara ya kwanza kama malighafi. Ilifika katika maboksi kutoka Ulaya, imekatwakatwa vidonge vidogo vinavyong'aa, na mpishi aliyekuwa msimamizi wangu alinifundisha kuiyeyusha, kuimwaga juu ya jiwe la marumaru, kuitandaza na kuikusanya kwa mwiko mpana mpaka ipoe kwa kiwango kinachotakiwa. Niliipenda kazi hiyo mno. Hata hivyo nilifanya kazi pale kwa miaka minne bila kuunganisha, katika akili yangu, vidonge vile na ndoo za nyumbani. Nilijua kwa maneno kwamba chokoleti inatokana na kakao, lakini mikono yangu haikuwa imejua.

Nilipoacha hoteli na kuanzisha darasa langu, nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilisimama mbele ya meza, nikaeleza, nikaonyesha, na wageni wakatazama, kisha mwishoni kila mmoja akamimina chokoleti iliyokwisha kuyeyushwa ndani ya kalibu na kuipamba. Watu wazima waliridhika kwa sababu walipata picha nzuri. Watoto hawakuridhika, na sura ya mtoto aliyechoka haifichiki. Baada ya dakika ishirini walikuwa wanamfukuza paka wa jirani, na mzazi aliyelipia asubuhi nzima alilazimika kuwaita kila mara. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba tatizo ni watoto, kwamba darasa la namna hii halifai kwa walio chini ya miaka kumi.

Aliyenitoa katika dhana hiyo ni bibi wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo ya mama yangu mzaa mama, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Alikuwa akipita uani kwangu kuchukua maji, akasimama siku moja kunitazama nikihangaika kupepeta makapi ya kakao kwa feni ya mezani, makapi yakiruka na kuwaingia watu machoni. Hakusema neno. Alikwenda kwake, akarudi na ungo, akamwita msichana wa kigeni wa miaka kama saba aliyekuwa amekaa pembeni, akamshika mikono yote miwili kwa nyuma na kumfundisha kurusha na kupokea. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Katika muda mfupi makapi mepesi yalikuwa yakielea nje ya ungo na vipande vya kakao vikibaki ndani, na yule msichana, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, alikataa kumwachia baba yake zamu.

Tangu siku hiyo niliipindua kazi yangu. Jiwe la marumaru nililisogeza mwisho, na mwanzo nikaweka tunda bichi. Ninayapata matunda kutoka mashamba ya viungo ya upande wa Kizimbani, ambako mikakao michache husimama katikati ya mikarafuu na mikungumanga ili watalii waione. Kila familia hupasua tunda lake yenyewe, huhesabu punje zake, ambazo mara nyingi huwa kati ya 30 na 40, na kuzifyonza. Huwa ninawaambia kwamba kipande cha chokoleti nyeusi cha gramu 100 kinakula takriban matunda mawili ya namna ile waliyoshika, na nimeona kwamba hesabu hiyo huwagusa watoto kuliko maelezo yoyote kuhusu bara, bahari na historia, kwa sababu wamekwisha kulibeba tunda lenyewe na kujua uzito wake.

Kisha hufuata kukaanga. Punje kavu hutiwa kwenye kaango zito la chuma juu ya jiko la mkaa na kugeuzwa bila kupumzika, na hapa ndipo ninapowataka wanyamaze wasikilize. Harufu ya kwanza inayotoka ni kali, ya siki. Baadaye siki inapungua, harufu inakuwa ya mkate unaoiva, na punje zinaanza kupasuka moja moja kwa mlio mdogo. Saa ninayo, lakini nimeacha kuitumia mbele ya wageni, maana nikitaja dakika wanatazama saa badala ya kunusa. Punje zikipoa kidogo tunazimenya kwa vidole, tunazipepeta, na vinu vinaanza kazi.

Kutwanga kakao kuna jambo moja la ajabu ambalo mtu hawezi kuelezwa akaliamini. Vipande vikavu huwa unga, na mtoto hufikiri kazi imekwisha. Ukiendelea, unga unaanza kushikana, unakuwa mzito kama udongo wa mfinyanzi, na ghafla, bila kuongezwa tone la kitu chochote, unalainika na kuwa uji mweusi unaotiririka kwenye mchi. Karibu nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta, na joto la msuguano huyayeyusha. Nimewaona wanaume wazima wakiinama kutazama ndani ya kinu kwa mshangao ule ule wa watoto wao. Ili wasikate tamaa kabla ya kufika hapo, hukipasha kinu jua la asubuhi na mchi naukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha naufuta mpaka uwe mkavu kabisa.

Ukavu huo niliugharimia. Katika darasa moja la mwanzo, mvulana alichota chokoleti iliyoyeyuka kwa kijiko kilichotoka kuoshwa, na matone machache ya maji yaliingia katika beseni la kilo mbili. Chokoleti iliganda papo hapo, ikawa chengachenga kama tope linalokauka, maana sukari iliyomo hufyonza maji, hunata na kushikana. Nilikasirika, na yule mvulana aliiona hasira yangu kabla sijaificha. Mama yake alimtoa nje akilia. Beseni lile niliweza kuliokoa kwa kuongeza maziwa ya moto na kuligeuza kinywaji, lakini mtoto hakurudi mezani, na mpaka leo ninaposimulia kisa hiki najutia uso ule niliomwonyesha. Sasa maji yanakaa upande mwingine wa ua, vijiko ni vya mbao na haviguswi na maji siku ya darasa, na kwa makusudi mimi mwenyewe huharibu kikombe kimoja kidogo mbele yao kwa tone la maji, ili waone kinachotokea na ili asiwepo mtoto wa kubebeshwa kosa hilo.

Kosa la karanga lilikuwa zito zaidi. Kinu kimoja nilikuwa nimekitumia jioni kutwangia karanga za kashata, nikakiosha na kukirudisha pamoja na vingine. Baba wa familia moja alinusa ndani ya kinu alichopewa mwanawe na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kimewahi kuingia karanga. Mtoto wake alikuwa na mzio unaoweza kumziba pumzi, na alikuwa amebakiza hatua moja tu kutia mkono. Mbao za kinu hunywa mafuta, wala hakuna kuosha kunakoyatoa yote. Siku ile nilimaliza darasa miguu ikitetemeka. Karanga na korosho hazijaingia tena katika ua huu, kashata ninatengenezea kwa jirani, na swali la mzio huliuliza kwa mdomo na kwa maandishi kabla mtu hajalipa hata shilingi.

Kuhusu joto sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba kisiwa hiki hakikuumbwa kwa ajili ya chokoleti. Mafuta ya kakao hugandamana kwa namna sita tofauti, na namna inayotoa mng'ao na mlio mkavu wakati wa kuvunja huyeyuka karibu na nyuzi joto 34, kiwango ambacho ua wangu unakikaribia katika kaskazi. Kwa chokoleti nyeusi huipasha hadi nyuzi 45 au zaidi kidogo, huishusha kwenye jiwe mpaka 27 au 28, kisha huipandisha polepole hadi 31 au 32, na kazi hii tunaifanya ndani, katika chumba chenye kiyoyozi. Umeme ukikatika tunasubiri. Miezi ya kipupwe kila kitu hutii. Wakati wa Ramadhani darasa huhamia usiku, baada ya futari, kwa kuwa mtu hawezi kutengeneza chokoleti bila kuionja, na madarasa hayo ya usiku, yenye watoto wa mtaa wetu waliokwisha kula na wasio na haraka, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote.

Chokoleti ikiwa kwenye kalibu inahitaji muda wa kuganda, na muda huo zamani ulikuwa mtupu. Bibi ndiye aliyeujaza. Huketi mkekani na mafungu ya ukindu uliotiwa rangi, na kumfundisha kila mmoja kusuka ukili mwembamba wa chane chache, ambao ukishonwa unakuwa pochi ndogo ya kubebea chokoleti. Hana huruma kwa ukili uliolegea. Anaufumua na kumrudishia mwenyewe, awe mtoto au mzee. Mwanzoni niliogopa kwamba wageni watachukia. Haikuwa hivyo. Nimeona kwamba mtoto ambaye kazi yake imefumuliwa na kusahihishwa huibeba pochi yake kwa heshima kubwa kuliko yule aliyesifiwa kwa kila kitu, na nimeanza kufanya vivyo hivyo kwenye vinu: uji wenye chenga nausema kuwa una chenga.

Chenga zenyewe hazikwepeki. Ulimi huhisi mchanga wowote unaozidi sehemu 30 hivi za elfu moja ya milimita, na mchi hauwezi kufika huko. Kwa hiyo kila familia huondoka na vipande viwili, kimoja cha kinu chao na kimoja kilichosagwa siku mbili mfululizo kwenye mashine yangu ndogo ya mawe. Mgeni mmoja kutoka Uswisi alionja vyote viwili na kusema kwamba kile cha kinu kilimkumbusha kwamba hata kwao ulaini huu ni jambo la juzi. Daniel Peter alianza kuchanganya chokoleti na maziwa mwaka 1875, na mashine ya Rodolphe Lindt ya kuisugua kwa muda mrefu ilikuja mwaka 1879. Kabla ya hapo, watu waliotafuna chokoleti walitafuna chenga.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Kakao ninayotumia hutoka nyumbani. Mama huuza mavuno yake kupitia chama cha msingi cha ushirika, yanakusanywa ghalani na kupigwa mnada, na kilo chache anazozitenga kwa matumizi ya nyumbani ndizo hunitumia kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha kwa boti. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno ya Kodivaa na Ghana kupungua sana, na Kyela nayo ikapata bei ambazo wazee hawakuwa wameziona. Sikuwa na moyo wa kumwambia mama anitengee wakati kila kilo ilikuwa na thamani namna ile. Nilinunua gunia kwa mfanyabiashara mmoja aliyesema limetoka Kyela. Wageni niliendelea kuwaambia maneno yale yale niliyoyazoea, kwamba hii ni kakao ya mama yangu.

Mama alikuja kunitembelea mwaka huo, safari yake ya kwanza kuvuka bahari. Alikaa mkekani pembeni ya Bibi, wakazungumza habari za magoti na wajukuu, na darasa lilipokwisha nilimpa kipande cha chokoleti nyeusi, kile laini cha mashine. Alikiweka mdomoni, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, mbele ya familia mbili zilizokuwa bado hazijaondoka: "Mwanangu, hizi si zangu."

Nilimwuliza amejuaje. Akasema ukakasi. Aliomba punje za gunia lile ambazo hazijakaangwa, akaomba kisu, akazipasua kwa urefu na kuzipanga kwenye ungo. Nyingi zilikuwa za zambarau ndani, ngumu, zilizoshikamana kama jiwe. Punje iliyovundikwa vizuri, alisema, inakuwa ya kahawia na ina nyufanyufa ndani kama kiganja cha mkulima. Hizi zilianikwa kabla ya wakati wake au hazikugeuzwa kabisa, kwa sababu bei ilipopanda kila mtu aliona siku sita za kusubiri kuwa ni hasara, na wanunuzi wa njemke, wanaochukua kakao mbichi kwa bei ya chini, walikuwa wakipita mpaka mlangoni.

Pale ndipo alipoeleza moto wake. Punje zikiwa na utando wake hujazwa kwenye sanduku la mbao lenye matundu chini na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Siku mbili za kwanza ule utamu hugeuka kuwa kileo na maji hutiririka. Zikigeuzwa na kupata hewa, kileo hugeuka siki na joto hupanda mpaka mkono hauvumilii. Mimi naweza kuongeza, kwa kipimajoto changu, kwamba linafika nyuzi 45 hadi 50, kwamba joto na siki hiyo ndivyo vinavyoiua mbegu, na kwamba ndani ya mbegu iliyokufa ndimo ladha ya chokoleti inapoanza kujengwa. Mama hakuhitaji kipimajoto. Mbegu iliyofyonzwa na mtoto haina sukari ya kulisha moto huo. Kila nilichokuwa nikikisifu kwenye kaango, ile siki inayopanda na kuipisha harufu ya mkate, kilikuwa kimeandaliwa na yeye wiki mbili kabla, na mimi nilikuwa ninawaambia watu kwamba chokoleti inaanzia jikoni kwangu.

Niliwaomba radhi wale wageni kwa kuwaambia uongo kuhusu asili ya punje walizotwanga. Mmoja wao, mama wa watoto watatu, aliuliza kama anaweza kuona punje nzuri ili alinganishe, na sikuwa nayo hata moja ndani ya nyumba.

Nilijaribu baadaye kuvundika mwenyewe hapa uani, kwa punje za matunda ya Kizimbani, kilo tatu ndani ya ndoo niliyoizungushia magunia. Hazikupata joto, zilioza. Mama alicheka kwa simu na kuniambia kwamba moto unataka wingi, kwamba sanduku lisilojaa ni sawa na chungu kisicho na mfuniko. Kwa hiyo nimekubali kwamba sehemu hiyo ya kazi haiwezi kufanyika hapa, nami ninaieleza wazi: tunapasua tunda, tunafyonza, na kisha tunahamia kwenye punje kavu ambazo mtu mwingine amezisubiri kwa niaba yetu.

Sasa kila mzigo kutoka nyumbani unakuja na karatasi ya daftari ndani. Mama hakupenda kuandika mwanzoni, akaona ni jambo la ofisini, lakini nilimwomba kwa sababu ya yule mama wa watoto watatu. Kabla ya kuwasha jiko naisoma karatasi kwa sauti, natafsiri, na kila mtoto anapewa kisu butu na punje moja ya kupasua ili aone kama kilichoandikwa ni kweli. Ya mwisho iliyofika, kwa penseli, ilisema: "Jumatatu nimejaza sanduku. Jumatano nimegeuza. Ijumaa mvua kubwa, nimegeuza usiku na taa. Jumapili nimeanika. Watoto wa dada yako wamefyonza kidogo, nimewaachia."